Shata ya polepole kwa simu: njia nne za kupiga Mombasa jioni, na ipi itakufaa wewe

Jioni yoyote pale Mama Ngina, ukingoni mwa kisiwa cha Mombasa, wauza mihogo na viazi karai wakishawasha taa zao, utawakuta watu wameelekeza simu kwenye mlango wa Kilindini. Meli inaingia, feri ya Likoni inavuka, mawimbi yanapiga miamba huko chini. Picha wanayoitaka ni moja: taa za feri zimevutika zikawa uzi mrefu, maji yamelainika, na mji nyuma umetulia. Wengi huondoka na picha iliyong'aa vizuri kabisa, lakini uzi haumo.

Mara nyingi simu haina hatia. Simu za siku hizi zina njia zaidi ya moja ya kukusanya mwanga kwa muda mrefu, ndiyo shata ya polepole, na njia hizo hazitendei sawa kitu kinachotembea. Moja inapigana na mwendo, nyingine inauchora. Ukichagua isiyoendana na ulichokusudia, hata simu ya laki mbili itakuangusha. Hapa nalinganisha njia nne: hali ya usiku, picha ya Live (picha yenye mwendo kidogo ndani yake), hali ya Pro (unapoiendesha kamera kwa mkono), na programu za kurundika fremu, yaani picha moja moja zinazochanganywa kuwa moja.

Nimezipima kwa vigezo gani

Kigezo kizito kuliko vyote ni mwendo. Ukishabonyeza, kile kinachopita mbele ya lenzi kitagandishwa, kitafutwa au kitavutwa?

Cha pili ni mwanga, yaani njia hiyo inakubali kufanya kazi saa ngapi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo magharibi yetu hayahami sana: mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni, na giza halikawii. Ile dakika 20 au 25 ambayo anga bado lina samawati na taa zimeshawaka ndiyo dhahabu ya kazi hii. Ukumbuke pia kwamba huku jua huchomoza baharini, halizami baharini. Anayetaka jua na mawimbi kwa pamoja Nyali au Bamburi hana budi kuamka alfajiri.

Cha tatu ni simu na mfuko: je, simu yako inayo njia hiyo, na itakugharimu nini? Cha nne ni usumbufu, kwa maana ya stendi, upepo, subira, na kazi inayobaki baada ya picha.

Kuna mambo machache ambayo hayana ubaguzi, njia yoyote utakayoshika. Tumia lenzi kuu, ile ya 1x, kwa sababu ndiyo inayopokea mwanga mwingi. Zile nyingine usiku huleta chenga, yaani vidoadoa vinavyochafua picha. Tumia taima ili kidole kisiitikise simu wakati wa kubonyeza. Na ufute lenzi. Upepo wa bahari huacha utando wa chumvi, na kidole huacha mafuta; ukiona kila taa imeota mstari mrefu upande uleule, basi ni mafuta ya kidole hayo, usilaumu kamera. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, kioo cha lenzi hushika unyevu papo hapo. Ngoja kidogo kipate joto la nje, ndipo ufute.

1. Hali ya usiku

*Mwendo.* Google waliileta kwenye simu za Pixel mwaka 2018, Apple wakafuata na iPhone 11 mwaka 2019, na leo karibu kila kampuni inayo. Simu hupiga fremu nyingi fupi, huzilinganisha moja juu ya nyingine, kisha huzichanganya. Sehemu ambazo hazilingani, kwa sababu kitu kimehama, hutupwa au hupewa uzito mdogo. Hapo ndipo watu wanapokwama: njia hii imetengenezwa kuua mwendo. Tuktuk ikipita, utapata kivuli cha nusu tuktuk, au barabara tupu, au taa mbili za nyuma zisizo na gari. Uzi wa mwanga ukitokea, chukulia umebahatisha.

*Mwanga.* Magharibi hadi usiku wa manane. Mchana haiwaki, na hata ukiilazimisha hakuna la maana itakalofanya. iPhone ikiwa mkononi hujipa sekunde chache tu. Ikihisi imetulia kwenye stendi, inaweza kukupa hadi sekunde 30. Pixel, kuanzia Pixel 4, zina hali ya nyota inayokusanya mwanga hadi dakika 4 kwa fremu za sekunde 16 kila moja, na nyota zikabaki nukta. Tatizo ni kwamba juu ya kisiwa taa ni nyingi. Anayetaka nyota avuke aende mbali na mji.

*Simu na mfuko.* Bure, na hata simu za bei nafuu zinayo, ingawa katika baadhi yake huongeza mng'ao tu na kupaka chenga rangi.

*Usumbufu.* Mdogo kuliko wote. Jiegemeze kwenye ukuta, bana viwiko mbavuni, toa pumzi nusu, bonyeza.

*Inamfaa nani?* Mpenda Mji wa Kale. Vichochoro vya Kibokoni, milango ya kuchonga, roshani za mbao, kuta za Fort Jesus zikiwa zimemulikwa: hivi havitembei, na hali ya usiku huvitendea haki kuliko njia nyingine yoyote hapa. Mama muuza mahamri akitulia kidogo, naye atatoka vizuri. Ila muombe ruhusa kwanza. Mitaa ile watu wanaishi, na wengi hawapendi kupigwa wakiwa barazani kwao.

2. Picha ya Live inayogeuzwa

*Mwendo.* iPhone yoyote kuanzia 6s ya mwaka 2015 inaweza kurekodi sekunde 1.5 kabla ya kubonyeza na 1.5 baada yake. Tangu iOS 11, mfumo wa iPhone wa mwaka 2017, unaifungua picha hiyo, unagusa neno Live kwenye kona, unachagua Long Exposure, na simu inazichanganya zile sekunde tatu kuwa picha moja. Pixel kuanzia Pixel 6 ya mwaka 2021 zina hali ya mwendo yenye kazi inayokaribiana na hiyo.

Sekunde tatu zinatosha kulainisha wimbi linalorudi kutoka ufukweni. Kwa magari hazifiki mbali. Tuktuk inayokwenda kilomita 30 kwa saa hupita mita 25 hivi katika muda huo, kwa hiyo uzi wako utakatika katikati ya fremu kama unapiga barabara ndefu.

*Mwanga.* Hapa ndipo ubora wake ulipo: inafanya kazi mchana kweupe, kwa kuwa fremu zenyewe ni fupi na hakuna kinachoungua, yaani kugeuka cheupe kwa mwanga kuzidi. Usiku inachoka, chenga zinajaa.

*Simu na mfuko.* Bure, kwa wenye simu hizo. Wa Android nyingine waruke sehemu hii.

*Usumbufu.* Hakuna haja ya stendi ukiwa na mkono tulivu, na unaweza kuamua baadaye, hata nyumbani. Malipo yake ni kwamba kingo hukatwa kidogo na undani hupungua, hivyo picha ya kuchapisha kubwa usiitegemee hapa.

*Inamfaa nani?* Aliyeenda ufukweni na familia, hana stendi, na anataka mawimbi laini ya kuweka kwenye status kabla madafu hayajaisha.

3. Hali ya Pro

*Mwendo.* Hii ndiyo shata ya polepole yenyewe, bila ujanja wa kurundika. Kihisi, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kinabaki wazi sekunde 2, 4, 10, na kila kilichopita kinaandikwa bila kukatika. Uzi wa taa unatoka mzima, umenyooka. Ukiwa Mama Ngina na feri inavuka, kwa sekunde 10 chombo chenyewe kinageuka kivuli kisichoshikika huku taa zake zikivutika kwa safu, kila safu na rangi yake. Taa za ng'ambo ya Likoni zinabaki nukta, na chini yake maji yanabeba mistari iliyolala. Picha ya namna hiyo hali ya usiku haikupi hata uibembeleze.

*Mwanga.* Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa. Lenzi ya simu nyingi haina tundu la kupanuka na kupungua. Imebaki palepale, mara nyingi karibu f/1.8, na hilo ni tundu pana. Chukua jua la saa saba mchana: kwa ISO 50 (ISO ni kiwango cha wepesi wa kamera kushika mwanga), shata sahihi, yaani muda wa kukusanya mwanga, ni kama 1/4000 ya sekunde. Ukitaka sekunde 1 nzima, lazima mwanga upunguzwe mara 4,000. Hata filta ya ND1000, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mara 1,000, ambacho ukikivaa jichoni huoni kitu, itakufikisha kwenye robo ya sekunde tu. Kwa hiyo mawimbi ya mchana kwa Pro ni kujitesa.

Usiku nao una mtego wake. Barabara yenye taa nyingi, tuseme Moi Avenue pale kwenye sanamu za pembe za ndovu, inaungua hata kwa sekunde moja ya ISO 50. Ukiacha sekunde 8 utapata ukurasa mweupe wenye madoa. Watu huona hivyo wakasema simu yao mbovu. Kuna njia mbili za kutoka. Ama ubandike filta ndogo ya ND8 au ND16, ama uchague pahali penye giza na taa chache za mbali, na mandhari ya mlango wa Kilindini ni ya aina hiyo. Jua likishazama kwa dakika 20 hivi, anza na ISO 50 na sekunde 2, tazama, kisha ongeza sekunde kadiri anga linavyozidi kufifia. ISO iache chini. Cheza na muda.

Fokasi iweke kwa mkono kwenye taa ya mbali. Ukiiachia simu itafute yenyewe gizani, itahangaika mbele na nyuma na mwisho itashika kitu kisichokuhusu.

*Simu na mfuko.* Hapa pana ubaguzi. Simu nyingi za daraja la juu hukubali hadi sekunde 30, nyingine huishia 10. Nyingi za bei nafuu zina kitufe cha Pro kinachokupa ISO na rangi ya mwanga tu, shata hakuna. Kamera ya kawaida ya iPhone haina Pro ya aina hii. Kabla ya kununua simu kwa ajili ya kazi hii, ifungue kamera palepale dukani, ingia Pro, utafute alama ya S au neno Shutter, ulivute hadi mwisho uone linaishia wapi. Mwenye Android anaweza pia kuweka Open Camera, ambayo ni ya bure, aone kama simu inakubali kuendeshwa kwa mkono. Kama mtengenezaji ameifunga, programu hiyo nayo haitaifungua.

*Usumbufu.* Mwingi. Stendi ni lazima, na stendi nyepesi ya dukani haiwezi kushindana na kusi. Kati ya Aprili na Septemba upepo ule ukivuma Mama Ngina, miguu mitatu ya plastiki inatetemeka kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Ishushe stendi chini kabisa, usiirefushe shingo, ning'iniza begi katikati yake. Au uache stendi kabisa. Niliwahi kupewa kreti na muuza madafu aliyekuwa akinitazama kwa huruma: "Weka simu hapa, mwanangu, huo upepo utaiangusha." Kreti ile, na jiwe nyuma ya simu, zilitulia kuliko stendi yangu. Daraja la Nyali ni zuri kwa macho, lakini lori likipita daraja linatikisika na picha nayo. Simama kando yake, usisimame juu yake.

Baada ya picha kuna kazi pia. Ukipiga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo simu haijaichakata, utaweza kurudisha taa zilizokaribia kuungua, lakini faili ni zito na linataka kuhaririwa.

*Inamfaa nani?* Mwenye subira, mwenye simu inayoruhusu, anayetaka uzi wa mwanga usiokatika. Akishajifunza, kila kitu kiko mkononi mwake.

4. Programu za kurundika fremu

*Mwendo.* Programu inapiga fremu fupi mfululizo na kuzichanganya kuwa moja, ila tofauti na hali ya usiku, hii haitupi kilichohama. Kwa kawaida unachagua mtindo: wa wastani, unaolainisha maji na kufuta wapita njia, au wa kubakisha kilicho angavu zaidi, unaojenga mistari ya taa. Huo wa wastani una mchezo mmoja mzuri. Nenda Marikiti mchana na stendi, urundike dakika nzima: wanaotembea wanayeyuka, wauzaji waliosimama nyuma ya mafungu ya viungo wanabaki. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayoweza hilo katika mwanga ule.

Kasoro yake ni kwenye magari ya kasi. Kati ya fremu na fremu kuna upenyo, na taa ya bodaboda inayokimbia hutoka vipande vipande badala ya uzi.

*Mwanga.* Wakati wowote. Kwa kuwa kila fremu ni fupi, jua haliunguzi, na Moi Avenue iliyokushinda kwa Pro hapa inakubali. Usiku kuna faida ya ziada: mtindo wa wastani hupunguza chenga, na fremu 16 huzishusha hadi robo ya zilizokuwa kwenye fremu moja.

*Simu na mfuko.* Kwenye iPhone ipo Spectre, iliyochaguliwa na Apple kuwa programu ya mwaka ya iPhone 2019. Hukupa sekunde 3, 5 au 9 na hujitahidi kutuliza mkono. Kwa Android zipo kadhaa, ubora haulingani, na nyingi hudai malipo ukitaka picha ya ukubwa kamili. Soma masharti kabla ya kulipa. Asiyetaka kulipa anaweza kupiga fremu nyingi za kawaida akiwa na stendi, kisha azirundike kwenye kompyuta kwa StarStaX, ambayo ni ya bure.

*Usumbufu.* Wa kati. Simu hupata joto, betri hushuka, na kwa muda wowote unaozidi sekunde chache stendi inarudi kuwa lazima. Kuhariri si kazi kubwa.

*Inamfaa nani?* Anayependa maji, mawingu na umati kuliko taa za magari. Pia mwenye simu ambayo Pro yake haina shata.

Kulingana na hali yako

Unataka mawimbi. Kwanza tazama maji, kisha ndiyo uchague njia. Bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3. Miamba uliyoipiga leo asubuhi inaweza kuwa imezama jioni, pamoja na mahali ulipoweka stendi. Mchana piga kwa Live au programu. Alfajiri kabla ya jua au baada ya magharibi, Pro.

Unataka feri na meli. Pro, magharibi, kutoka Mama Ngina. Kivukoni penyewe na bandarini ni sehemu za ulinzi; omba ruhusa, na askari akikukataza funga stendi uondoke bila mjadala.

Unataka taa za tuktuk na matatu mjini. Pro pamoja na ND8 kama unayo. Kama huna, programu, na uchague kona au mzunguko ambapo magari hupunguza mwendo ili mistari isikatike. Nenda na mwenzako: mmoja akiangalia kioo, mwingine aangalie mtaa. Simu iliyokaa peke yake kwenye stendi inaita mikono.

Unataka Mji wa Kale usiku. Hali ya usiku inatosha, na stendi uiache nyumbani kwa sababu itawazuia watu njia. Karibu na msikiti saa za swala, simu iwe mfukoni.

Unapigia mteja, hoteli au mkahawa. Piga kwa Pro na RAW, halafu rudia fremu ileile kwa hali ya usiku kama akiba. Mteja mara nyingi huchagua ile usiyoitarajia.

Na kama hujui simu yako inaangukia wapi, jaribio lake huhitaji kutoka nje. Jioni washa feni ya darini kwa mwendo wa pole, acha taa moja hafifu, laza simu kitandani ikitazama juu, upige kwa kila njia uliyonayo. Panga la feni likitoka limekatika au limegandishwa, hiyo inapigana na mwendo. Feni ikitoka duara laini lisilo na upenyo, hiyo inauchora. Duara likiwa na mapanga mengi yaliyofuatana, inarundika fremu na kuacha upenyo kati yake, na barabarani itafanya vivyo hivyo kwa taa za bodaboda.